Mguu Mmoja wa Meza ya Wago

Kamina, kampi ya reli, Ijumaa baada ya kazi

Rakeli mwanangu,

Gundi haijakauka, ndiyo sababu nimepata nafasi ya kukuandikia. Ingekuwa imekauka ningekuwa napiga randa, na mtu anayepiga randa hasemi neno la maana, wajua mwenyewe jinsi ninavyojibu "mm" tu mchana kutwa. Nimekaa kwenye benchi la kazi, naandika nyuma ya fomu za kuombea mbao, na mbele yangu uso wa meza yako umebanwa na vibanio sita. Kesho asubuhi treni itavuta wago yenu, behewa mtakaloishi, kuelekea reli mpya ya upande wa Kabalo. Meza itakwenda, mume wako Kazadi atakwenda na kikosi chake cha reli, na wewe utakwenda, ukikubali. Hilo "ukikubali" ndilo limenikalisha hapa.

Maagizo sitakupa. Mama yako anakupa tangu Jumatatu: chumvi uiweke wapi, mbabula ya makaa uiwashie upande gani wa upepo, samaki wa Bukama uwaanike vipi juu ya wago bila watu wa gare, hao wa stesheni, kuwapunguza. Nikiongeza langu hata moja utatoroka kabla ya treni. Nitakueleza habari za mguu wa meza tu, basi. Nikianzia mbali univumilie, sijapotea njia.

Unaijua vita tuliyopigana kwa ajili ya mguu huu, maana risasi zote zilipita mikononi mwako. Kazadi alitaka bomba la chuma, lile lililotolewa katika mashini ya zamani iliyokufa nyuma ya karakana. Mama yako alitaka mguu wa kuchongwa maua, kama wa meza ya mchungaji. Mimi nilitaka mti wa mulombwa, mnene, usio na maua. Na kwa kuwa mtu na mkwe wake hawabishani uso kwa uso, kwetu Mulongo hata kwao Kasai, ulishinda wiki nzima njiani kati ya karakana na wago, nyayo zinakuuma. Mimi nikikutuma umwambie kwamba bomba likipinda halinyooki tena, na kwamba mtu aliyezaliwa juzi asinifundishe chuma. Yeye akikurudisha na neno kwamba baba mkwe amesema vizuri sana, ila mbao hupasuka. Nikajiuliza, huyu kijana ana heshima ya namna gani, kutukanwa hivi na kujibu hivi? Siku ya tatu ndipo nilipotambua kwamba matusi yangu hayakuwa yakifika. Ulikuwa ukiyatupa njiani. Asante, mwanangu. Ungeyafikisha yote, leo nisingekuwa na mkwe.

Basi mulombwa ukashinda. Kipande hicho kilikaa juu ya moshi wa jiko letu misimu sita ya kiangazi, na kila mwaka mlinilalamikia kwamba kinawagonga vichwa. Kimekauka hadi ndani kabisa, ukikigonga kinalia. Maua ya mama yako nimeyachonga mawili, madogo, upande wa ukutani, ili apate amani na mimi nipate amani. Mguu ni mmoja kwa sababu wago ni nyembamba, na miguu minne ingewavunja magoti kila mnapokaa. Uso wa meza unatoka: unauinua, unaulaza juu ya mabenchi mawili, unakuwa kitanda. Mdogo wako Danieli akija kuwaona wakati wa vakansi ya shule atalala hapo. Nimesema akija kuwaona. Usiruke neno hilo.

Sasa sikiliza jambo ambalo watu wengi hawalijui, hata mafundi. Wakitaka kujua kama meza ya mguu mmoja ni imara, watu wote hutazama mguu, wanaushika, wanaupima unene, wanausifu. Nguvu yake haiko huko. Iko kwenye kitako chake na kile kinachokishika kitako. Meza ya nyumbani inasukumwa na viwiko vya watu. Meza ya wago inasukumwa na mashini ya treni. Siku za manevu, wanapopanga na kupangua mabehewa, mashini inakuja kuigonga wago yenu mtu asiwaambie hodi, na kila kisichofungwa kinaruka. Mguu hata uwe mnene kama shina la mti, kama kitako kimeshikwa na visi vya kusokota kwenye mbao za sakafu peke yake, sakafu itavitema visi hivyo siku moja. Sakafu ya wago ni mbao nyembamba, imelainishwa na maji na mafuta. Lazima buloni nne ndefu zitoboe kitako, zitoboe sakafu, zitoboe na ubao mnene uliolazwa chini kati ya mihimili ya chuma, ndipo nati zikazwe kutoka huko chini. Na mtu wa kuzikaza analala chali chini ya wago, juu ya mawe, katika mafuta machafu na kila kitu ambacho abiria wametupa. Hakuna anayeipenda kazi hiyo. Mimi siku moja niliikataa.

Jana niliifanya. Uliniona nikirudi nyumbani mweusi kama fundi wa mashini, ukacheka, ukaniletea maji na sabuni, hukujua kilichotokea kule chini. Ilibidi mmoja awe juu ashike vichwa vya buloni, mwingine awe chini na nati. Mimi wagoni siwezi kuingia, kitanda chenu kimekwisha kutandikwa mle, na baba haingii mahali mtoto wake wa kike analala na mume wake. Basi Kazadi akawa juu, mimi chini, na sakafu kati yetu. Haikutupa aibu. Yeye hakuniona uso, mimi sikumwona. Nadhani ndiyo sababu aliweza kusema. Kwenye buloni ya tatu sauti yake ikashuka kwenye tundu la buloni ya nne lililokuwa bado wazi:

"Tata, munisamehe. Rakeli anasema hatatoka hapa bila Danieli. Anasema yeye njo aliharibu muguu ya mudogo wake, hawezi kumuacha. Minyi nilimwambia tutaenda naye, lakini kule hakuna masomo. Nifanye nini, Tata?"

Nilikuwa na nati mkononi. Nikaishika tu. Akafikiri sijasikia, akarudia. Nikamwambia akaze buloni, nitajibu kesho. Jibu ni hili, na nakupa wewe kwanza.

Mguu wa Danieli hukuuharibu wewe. Niliuharibu mimi.

Ulikuwa na miaka sita, yeye ameanza tu kukaa bila kushikwa. Tuliishi katika wago kama mtakavyoishi ninyi, mimi nikiwa fundi wa mbao wa kikosi cha madaraja. Meza ya wago ile niliitengeneza mwenyewe, ya mguu mmoja, nayo ilikuwa nzuri, kila mtu aliyepanda aliisifu. Niliimaliza Jumamosi, siku ya posho, mchana. Kesho yake, siku ya Mungu, ningesimamishwa mbele ya kanisa kuwa mzee wa kanisa, na jioni hiyo tulikuwa na mazoezi ya ibada hiyo. Nilikuwa nimevaa suruali nyeupe. Suruali mpya, Rakeli, mama yako ameipiga pasi ya makaa mpaka mkunjo wake unakata mtu. Ilikuwa imebaki kazi moja, kulala chini ya wago na kukaza buloni nne. Watu walikuwa wanapita, wengine wa kwaya, wananisalimu "Mzee, Mzee" kabla hata sijawa mzee. Nikaitazama ile suruali. Nikachukua visi vinne, nikakishika kitako kwenye mbao za sakafu kutoka juu, nikajiambia buloni nitazitia Jumatatu.

Jumatatu ilifika. Niliisukuma meza kwa mkono, haikutikisika. Nikaisukuma kwa bega, haikutikisika. Nikaona basi, imesimama, ya nini kujisumbua. Nikapaka nta juu ya vichwa vya visi ili kapita, msimamizi wetu, akipita asivione. Umesikia? Kusahau sikusahau. Nilificha.

Siku ya nne ya juma lile tulikuwa tumesimama kwenye gare ndogo upande wa Bukama. Mama yako alitoa sufuria ya maji ya kusongea bukari motoni, akaiweka juu ya meza, katikati kabisa, ili Danieli aliyekaa chini asiifikie. Akashuka kununua unga kwa mwanamke mmoja kando ya reli, hatua ishirini tu. Mimi nilikuwa wago ya pili, nanoa msumeno. Mashini ikaja. Nilisikia mgongano, na baada yake kilio ambacho mpaka leo nikisikia mtoto yeyote analia barabarani nasimama.

Nilipopanda, meza ilikuwa imelala ubavu, Danieli yuko ndani ya maji, na wewe umesimama umeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, hujauachia. Mama yako aliingia nyuma yangu, akamnyakua mtoto. Mimi macho yangu yalikwenda kwenye kitako kabla ya kwenda kwa mwanangu. Niliviona visi vyangu vinne vimeng'oka na vipande vya sakafu. Nilijua pale pale. Kinywa changu kikafunguka, na neno lililotoka lilikuwa hili:

"Rakeli, ni weye njo ulivuta meza?"

Ukanitazama. Ukasema, "Ndiyo, tata."

Bila shaka ulikuwa umeishika. Mimi mwenyewe ndiye niliyekufundisha, ukisikia mashini inakuja, kimbia ushike kitu kisichotikisika. Katika wago nzima ulichagua meza ya baba yako.

Nilimwambia kapita kwamba mtoto alivuta meza. Nilimwambia mchungaji. Nilimwambia mama yako, naye hakukupiga, lakini siku mbili hakukusemesha, na wewe siku mbili hukula. Buloni nilizitia baadaye, watu wote wakiwa wamekwenda na Danieli kwenye hospitali, na suruali niliyovaa siku hiyo sikumbuki hata ilikuwa ya rangi gani.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, maana uliyabeba mgongoni. Vidole vya mguu wake viligandana, akachelewa kutembea, na wewe ndiye uliyembeba. Ulimbeba kwenda kanisani, ulimbeba kwenda shule mpaka mwalimu akakwambia shule haina darasa la watoto wachanga, ukakaa naye chini ya dirisha ukisikiliza masomo kutoka nje. Viatu vyake ulivishona wewe, kimoja kipana. Walipokutafutia nafasi ya shule ya wasichana kule misioni, ulikataa, ukasema Danieli hajajua kuchota maji. Watu wakakusifu kwa roho yako njema. Nami nikakaa kati yao nikipokea sifa za kulea mtoto kama huyo. Na kila siku, tukimaliza sala ya nyumbani, uliongeza sala yako ndogo mwishoni, "Mungu, unisamehe mambo ya meza." Uliiongeza mpaka ukawa na miaka kumi au kumi na moja. Nami, mzee wa kanisa, nikasema Amina.

Utauliza kwa nini sikusema. Mwanzoni niliogopa kazi, wangenifukuza. Halafu niliogopa kanisa. Halafu nikaanza kukuogopa wewe, na woga huo ndio uliodumu, kwa sababu kila mwaka ulikuwa ukizidi kuwa mtu mzuri, na kila mwaka neno lilizidi kuwa zito. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikungojea kifo, mkwe wangu ameniumbua kupitia tundu la buloni. Namshukuru. Mwambie hivyo, na safari hii usipunguze kitu njiani.

Na nina shukrani nyingine ambazo nimechelewa kuzitoa. Nakushukuru kwa jinsi ulivyomfundisha Danieli kucheka mguu wake kabla watoto wengine hawajaucheka. Nakushukuru kwa chakula ulichoniletea karakana miaka yote hii, hata siku za mvua ukikifunika kwa shuka lako na wewe ukalowa. Nakushukuru kwa sababu tangu siku ile sijawahi kuacha buloni hata moja. Vijana wa karakana wananiita Tata Buloni, wanadhani ni tabia yangu ya ukali. Ni wewe. Kila meza iliyo katika wago za reli hii, kutoka hapa mpaka Bukama, imekazwa kutoka chini kwa sababu ya mtoto wa miaka sita aliyesema "Ndiyo, tata." Watu wanakula juu yake hawajui wamshukuru nani. Mimi najua.

Usifikiri nimekuandikia ili unisamehe haraka kabla ya treni. Msamaha wa haraka siutaki, nimekwisha kuona kazi ya haraka. Kaa na jambo hili. Ukikasirika, kasirika, una haki, na kule reli mpya kuna pori la kutosha la kupigia kelele. Ila usimkasirikie mama yako. Leo saa sita nilimwambia yeye, na ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa na mzigo wake: miaka kumi na miwili amekuwa akijilaumu kwa ile sufuria, kwa nini aliiweka juu ya meza, kwa nini hakuiacha motoni. Alinisikiliza akiwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilipomaliza alitwanga tena, muda mrefu, mpaka sombe ikawa maji. Kisha akaniambia kwa Kiluba nitoke jikoni kwake. Ndiyo maana utaona nimekula huku karakana. Ni haki yake pia, nami nitangoja.

Danieli nilimwambia baadaye, nje, tumekaa juu ya mataruma ya zamani ya reli. Nilimwomba radhi kama mtu anavyomwomba mtu mzima. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu, kama wewe ulikuwa unajua. Nikasema hapana, yaya, dada yako, hajui, anafikiri ni yeye. Akatazama chini. Kisha akasema:

"Tata, mumwambie leo. Minyi sitaki anibebe tena. Nilikuwa nanyamaza sababu ninaona inamusaidia."

Mtoto wa miaka kumi na mitatu, Rakeli. Miaka yote hii alikuwa akikuacha umtunze ili akutunze wewe.

Aliinuka, akaenda nyumbani, akachukua ndoo. Ile kubwa, yako, ambayo hujamruhusu aiguse. Kutoka dirisha hili la karakana naona njia yote ya bomba la maji la kampi, na nilipoanza ukurasa huu ndipo alipokuwa anarudi, ndoo kichwani, mguu mmoja ukitangulia na mwingine ukifuata kwa namna yake. Maji yalikuwa yakimwagika mabegani. Msichana mmoja wa jirani alitaka kumpokea, akakataa kwa mkono. Alisimama mara mbili. Mara ya pili nikaweka kalamu chini, nikataka kutoka nimsaidie, nikajizuia kwa kushika benchi hili. Akaendelea. Akafika mlangoni, mama yako akatoka, akaitua ndoo, akatazama ndani. Ilikuwa imebaki nusu.

Sasa hivi naona moshi unatoka jikoni. Anapika bukari kwa maji hayo, na yanatosha.

Panda treni, mwanangu. Hukuvunja kitu.

Tata yako,
Mutombo